Mayhem sio fujo tu: neno lililoanzia kwenye meno ya mbele

Swali la leo limetoka kwa kijana anayeandika maandishi ya chini ya filamu na dokumentari. Ameliweka hivi:

"Shikamoo mwalimu. Natafsiri dokumentari ya kesi za California, kuna mahali msimulizi anasema jamaa 'was convicted of mayhem'. Mi nikaandika 'alikutwa na hatia ya kufanya vurugu'. Mhariri kanirudishia, anasema huyo jamaa alimtoboa mtu jicho, sasa vurugu iko wapi hapo. Kamusi yangu inasema mayhem ni ghasia, vurugu. Nani yuko sahihi, na hili neno asili yake ni nini?"

Marahaba mdogo wangu. Mhariri wako yuko sahihi, na kamusi yako nayo haijakudanganya, imekupa tu maana ya mtaani ambayo ni changa sana ukiilinganisha na ile ya mahakamani. California "mayhem" ni kosa la jinai lenye namba yake kabisa, kifungu cha 203 cha sheria yao ya makosa ya jinai, na kosa lenyewe ni kumharibu mtu kiungo cha mwili, kumkata, kumpofua, kumchana pua, mambo ya namna hiyo. Yani unaweza ukafanya mayhem chumbani kimyakimya jirani asisikie hata kikombe kikidondoka, na unaweza ukaanzisha fujo uwanja mzima viti vinaruka hewani na isiwe mayhem, mradi kila mtu karudi nyumbani na viungo vyake vyote.

Kwahiyo huo mstari ubadilishe, mwishoni ntakupa cha kuandika. Ila umeuliza na asili, na hapo ndo patamu, kwa sababu hili neno lina ndugu yake wa damu ambaye umeshakutana naye mara nyingi bila kujua ni ndugu. Anaitwa "maim".

Twende Uingereza baada ya mwaka 1066. Wanormani wamevuka bahari kutoka Ufaransa, wameshinda vita, wameshika nchi, na wamekuja na Kifaransa chao ambacho baadae kikawa lugha ya mawakili na majaji, kikakaa mahakamani karne na karne hata baada ya watu wa kawaida kuwa washakiacha zamani. Kwenye hicho Kifaransa cha kale kulikuwa na kitenzi "mahaignier", maana yake kumjeruhi mtu mpaka abaki na kilema. Wengi wanadhani Wafaransa nao walikichukua kwenye lugha za Kijerumani za kale. Ndugu zake wapo mpaka leo, Waitaliano wana "magagna", kasoro au dosari iliyojificha ndani ya kitu, na Wabretoni wa kaskazini magharibi ya Ufaransa wanalo la kwao la kulemaza linalofanana nalo kabisa. Kwenye hadithi za kale za Kifaransa za kikombe kitakatifu kuna mfalme anaitwa kwa neno hilohilo, Mfalme Aliyelemazwa, kachomwa mkuki mapajani, hawezi tena kupanda farasi, kutwa yupo kwenye mtumbwi anavua samaki. Mkumbuke huyo mfalme, maana shida yake sio maumivu, shida yake ni kwamba hawezi kupanda farasi na mfalme asiyepanda farasi haendi vitani.

Sasa Kiingereza kililimeza hilo neno mara mbili. Watu wa kawaida walilivuta likawa fupi, ile h ya katikati ikafa, tukapata "maim", ambalo linaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza kuanzia kama mwaka 1300 hivi. Mawakili wao wakabaki nalo kama lilivyo kwenye makaratasi yao ya Kifaransa na Kilatini, mahem, maihem, mahemium, na mwisho likatulia kwenye tahajia tunayoiona leo, mayhem. Ni neno moja, mtoto mmoja kalelewa mtaani mwingine mahakamani. Na cha kuchekesha baadae walibadilishana nyumba, yule wa mahakamani akahamia mtaani na yule wa mtaani akaingia kwenye vitabu vya sheria, tutafika huko.

Kwanza maana ya zamani yenyewe, maana hapa ndo wengi wanapotea hata wanaojua kwamba mayhem ni kujeruhi. Haikuwa jeraha lolote. Blackstone, mwanasheria wa Kiingereza wa karne ya 18, kwenye kitabu chake cha nne kilichotoka 1769, anasema mayhem ni kumnyang'anya mtu kwa nguvu matumizi ya kiungo ambacho akikikosa anakuwa dhaifu katika kupigana, iwe ni kujikinga au kumdhuru adui yake. Soma tena hapo. Kipimo ni kupigana. Sheria haiulizi umeumia kiasi gani, haiulizi utaonekanaje kanisani Jumapili wala mkeo atakuonaje, inauliza swali moja tu, vita ikitokea kesho huyu mtu ana faida kwa mfalme kama aliyokuwa nayo jana?

Ukilielewa hilo, orodha yao inaanza kuingia akilini. Mkono ni mayhem. Kidole ni mayhem, maana kidole ndo kinashika upanga na kuvuta uzi wa upinde. Jicho ni mayhem. Kuhasiwa ni mayhem, Blackstone anaeleza kwa aibu aibu kwamba ni zile sehemu ambazo mnyama yeyote akizipoteza ujasiri wake unapungua. Na meno ya mbele ni mayhem! Gego sio. Ukimng'oa mtu gego umemuumiza tu, ukimwachia pengo la mbele umemlemaza, kwa sababu meno ya mbele ndo mtu anang'atia kwenye kukurukakara. Hii hoja ya meno sio ya Blackstone, ni ya zamani mno, ipo kwa Bracton, mwanasheria wa Kiingereza wa karne ya 13, anasema kabisa meno ya namna hiyo yanasaidia sana kushinda pambano.

Na sikio? Sikio sio mayhem. Pua sio mayhem. Blackstone anasema hayo hayamdhoofishi mtu, yanamharibu sura tu. Yani ukamkata mtu pua mpaka kwenye mfupa, kwa sheria ya zamani ya Kiingereza hujamlemaza kwa sababu mtu asiye na pua bado anaweza kushika mkuki. Kila nikisoma hapo namkumbuka Mike Tyson, ule usiku wa tarehe 28 Juni 1997 kule Las Vegas alipomng'ata Evander Holyfield kipande cha sikio. Tume ya ndondi ya Nevada ilimfutia leseni na kumtoza faini ya dola milioni 3. Blackstone angeambiwa amuhukumu kwa mayhem angekataa, angesema sikio la nini kwa bondia, mwacheni apigane. Ila kama Holyfield ndo angekuwa amempiga Tyson ngumi za kudondosha meno ya mbele nje ya ulingo, hapo mzee angekaa sawa kwenye kiti.

Unaona sasa hili neno lilikuwa linalinda nini. Mwili wa mwanaume ulihesabiwa ni mali ya jeshi. Na ushahidi mzuri kuliko wote ni kesi ya mwaka 1613 kule Leicestershire, ameisimulia Edward Coke ambaye alikuwa jaji mkubwa wa zama hizo. Kuna kijana anaitwa Wright, mzima, ana nguvu zake, ila kazi hataki. Akaona njia ya kuishi ni kuombaomba, lakini nani atampa hela kijana ana misuli kama ile? Akamwambia rafiki yake amkate mkono wa kushoto. Rafiki akamkata. Sasa kwa akili zetu za kawaida hapo kosa ni la nani, mwenye mkono kakubali mwenyewe, kaomba mwenyewe. Wakashtakiwa wote wawili na wakapigwa faini wote wawili, aliyekata na aliyekatwa. Hoja ya Coke ni kwamba uhai na viungo vya kila raia viko chini ya ulinzi wa sheria ili aweze kumtumikia mfalme na nchi yake pale itakapohitajika. Mkono haukuwa wa Wright peke yake.

Adhabu ya zamani kabisa ya mayhem ilikuwa kiungo kwa kiungo, umetoa mkono wa mwenzio na wako unatoka. Ikaja kuachwa ikawa faini na kifungo, na Blackstone anatoa sababu ambayo mi huwa inanichekesha, anasema mojawapo ya shida zake ni kwamba mtu akirudia kosa hamuwezi kurudia adhabu. Mkono ushaukata, safari hii utakata nini? Na kulikuwa na utaratibu mwingine ambao ukiufikiria hauko mbali na tunavyofanya sisi, majaji walikuwa na uwezo wa kulikagua jeraha lenyewe kwa macho yao pale mahakamani, aliyeumizwa anavuliwa nguo au anafunguliwa kitambaa wanaangalia, na wakiona ni baya kuliko baraza (wale raia wanaoitwa kuamua kesi, "jury") lilivyokadiria wanaongeza fidia papo hapo. Siku hizi hiyo kazi kaachiwa daktari na fomu.

Sasa pua. Pua ilikaa nje ya sheria miaka yote hiyo mpaka ilipoguswa pua ya mbunge.

Mwaka 1670 bungeni London kulikuwa na mjadala wa kutoza kodi majumba ya michezo ya kuigiza. Watu wa mfalme wakapinga, wakasema waigizaji ni watumishi wa mfalme, ni sehemu ya starehe yake. Mbunge mmoja, Sir John Coventry, akanyanyuka akauliza, hiyo starehe ya mfalme iko kwa waigizaji wa kiume au wa kike? Bunge likaangua kicheko maana kila mtu alikuwa anajua kwamba Charles wa Pili ana mahawara waigizaji, Nell Gwyn mmojawapo. Mfalme hakucheka. Usiku wa tarehe 21 Desemba Coventry anarudi kwake, akavamiwa na kundi la askari wa kikosi cha walinzi, waliotumwa na Duke wa Monmouth, mtoto wa nje ya ndoa wa mfalme huyohuyo. Inasemekana alipigana kiume, kashika upanga mkono mmoja na mwenge mkono mwingine, ila walikuwa wengi, wakamwangusha wakamchana pua mpaka mfupani. Mshono wake ulikuwa mzuri lakini, aliyesimulia baadae anasema kovu lilikuwa halionekani kirahisi.

Wabunge walichachamaa. Na walivyoangalia sheria wakakuta kwamba kuchana pua sio mayhem, ni shambulio la kawaida tu, faini na kifungo basi. Wakatunga sheria mpya mwanzoni mwa 1671, watu wakaiita kwa jina la Coventry mwenyewe, inasema mtu yeyote kwa kukusudia na kwa kuvizia akimkata mwenzie ulimi, akamtoboa jicho, akamchana pua, akamkata pua au mdomo, au akakata kiungo chochote kwa nia ya kumlemaza au kumharibu sura, ananyongwa. Ile "kumharibu sura" ndo kitu kipya. Kwa mara ya kwanza sura ya mtu inapewa ulinzi sawa na mkono wake wa upanga.

Ngoja nikupe na stori iliyofuata maana siwezi kuiacha. Mwaka 1722, mji wa Bury St Edmunds. Mwanasheria mmoja anaitwa Arundel Coke, jina tu limefanana na lile la jaji, kamwalika shemeji yake Edward Crispe kula chakula cha usiku. Shemeji ana mali, na akifa mali inakuja upande wa mke wa Coke. Baada ya kula akamtoa wapite makaburini ya kanisa, kule kuna kibarua anaitwa Woodburne anasubiri na mundu wa kupogolea ua. Akamkatakata uso, pua ikachanwa, wakamwacha wakijua kafa. Crispe akajikokota mpaka ndani, akapona, akaja kutoa ushahidi. Wakashtakiwa kwa sheria ya Coventry, na Coke akajitetea kisheria, akasema waheshimiwa, hii sheria inataka nia ya kumlemaza au kumharibu sura, mimi sikuwa na nia ya kumharibu sura, nilikuwa nataka kumuua. Kuua kwenyewe hakujatimia, na kujaribu kuua kwa sheria za wakati ule ilikuwa kosa dogo, halinyongi mtu. Yani hesabu zake zilikuwa nzuri kabisa. Ila baraza halikumwelewa, wakaona ukimkata mtu uso kwa mundu ili afe umekusudia na hayo majeraha ya uso, na wote wawili wakanyongwa mwaka huohuo.

Hiyo sheria ilifutwa 1828, na 1861 Waingereza wakapata sheria yao ya makosa dhidi ya mwili ambayo mpaka leo ndo wanaitumia kule. Kwenye hiyo mayhem kama jina la kosa haina tena nafasi, mambo makubwa yakawa mawili, jeraha na madhara makubwa ya mwili. Na hata jeraha kwenye sheria sio kama sisi tunavyolisema mtaani. Kwa Waingereza lazima ngozi ipasuke, ngozi yote sio ya juu tu, mchubuko hauingii. Kuna kesi ya miaka ya 1980 kijana alipigwa karibu na jicho na kirisasi cha bunduki ya upepo, mishipa ya damu ndani ya jicho ikapasuka, jicho likajaa damu, na mahakama ikasema hilo sio jeraha kisheria, ngozi ya nje haijapasuka, wangemshtaki kwa kifungu kingine. Upande huu wetu sheria ya adhabu ya Kenya inaeleza kwa undani zaidi, jeraha ni mkato au tundu linalopasua utando wa nje wa mwili, na utando unahesabika ni wa nje kama unaweza kuugusa bila kupasua utando mwingine. Maana yake ndani ya shavu ni "nje", ingiza kidole mdomoni, umegusa, hujapasua kitu. Mwanafunzi wa sheria ukimuuliza hilo swali mtihanini anapata jasho.

Wakati Waingereza wanalistaafisha neno mayhem, Wamarekani walikuwa walishalibeba zamani. Walipoandika sheria zao za majimbo wakachukua lile la zamani wakalichanganya na orodha ya Coventry, ndo maana ukisoma kifungu cha 203 cha California, cha mwaka 1872, unakuta kinataja kumnyima mtu kiungo cha mwili, kukifanya kisifae, kumharibu sura, kumkata ulimi, kumtoboa jicho, na kumchana pua, sikio au mdomo. Pua ya yule mbunge bado imo humo ndani. Sikio nalo limeingia, kwahiyo mambo ya Tyson pale yasingepona kwa hoja ya Blackstone. Habari za kupigana vitani zimetoka kabisa. Adhabu ni miaka 2, 4 au 8, na kuna aina nzito zaidi, ya kukusudia kabisa kumtia mtu ulemavu wa kudumu bila kujali utu wake, hiyo ni kifungo cha maisha chenye uwezekano wa kuachiwa kwa msamaha. Angalia dokumentari yako wasije wakawa wanaongelea hiyo, utasikia neno "aggravated" mbele.

Sasa fujo imeingiaje? Imeingia Marekani hukohuko, karne ya 19. Magazeti yalikuwa yanaandika habari za ugomvi wa baa na ghasia za mitaani, na mayhem ikawa inatajwa bega kwa bega na maneno mengine makubwa, kulikuwa na ghasia na mayhem, uharibifu na mayhem. Mwandishi mwanzoni anamaanisha watu waling'oana macho kweli. Msomaji ambaye hajasoma sheria anaona tu neno la kutisha liko karibu na ghasia, anachukulia ni ghasia nyingine. Likazoeleka hivo, mpaka leo mama wa Kimarekani watoto wake wakimwaga maziwa na kukimbizana sebuleni anasema ni mayhem na hakuna aliyepoteza hata ukucha.

Na yule ndugu yake, maim, akaja kukaa kwetu. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipewa sheria mpya za makosa ya jinai na wakoloni Waingereza, badala ya ile ya India ya 1860 iliyokuwa inatumika kabla. Hiyo ya India ilikuwa na orodha yake, jicho, sikio, kiungo, mfupa au jino kuvunjika, hata maumivu makali ya siku 20 yalihesabika. Hizi za 1930 zikaja na tafsiri fupi, maim ni kuharibu kabisa au kulemaza moja kwa moja kiungo chochote cha nje au cha ndani au mlango wa fahamu. Angalia tofauti na zamani, cha ndani nacho kimo, bandama imo, usikivu wa sikio umo, na gego halina tena cha kuonewa. Tafsiri hiyo bado ipo kwenye sheria ya Kenya na ya Tanzania. Kenya ukipigwa ukaenda polisi ukapewa fomu ya P3, daktari anatakiwa aseme umeumia kwa daraja gani, na maelezo ya madaraja yamechapwa humohumo kwenye fomu, "harm", "grievous harm", "maim". Clinical officer wa zahanati ya kijijini anashika kalamu anaamua kama kidole chako ni maim au sio, kwa neno ambalo Wanormani walikuja nalo kwenye mashua. Na uamuzi wake una uzito, kumdhuru mtu kwa kawaida kifungo chake Kenya ni miaka 5, madhara makubwa yanafika maisha. Tanzania wenzetu ni PF3, na humo majibizano kati ya mgonjwa na daktari nayajua, "dokta andika vizuri bwana, usiniandikie mchubuko".

Kiswahili chake ndo ishu yako. Tanzania tangu 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, kwahiyo haya maneno hayawezi tena kuachwa kwa Kiingereza tukajifanya tumeelewana. Kwa maoni yangu "kulemaza" ndo linakaa sawasawa kwa maim na kwa mayhem ya mahakamani, kwa sababu limebeba ule udumu, mtu aliyelemazwa haponi kesho. "Kujeruhi" ni pana mno, mkato wa kisu cha jikoni nao ni kujeruhiwa. "Kumtia kilema" ni sahihi na ni tamu masikioni, ila nakushauri uliepuke kwenye maandishi ya leo, wenyewe wanaohusika hawapendi kuitwa vilema, wanataka watu wenye ulemavu, na hilo tuwasikilize.

Kwahiyo ule mstari wako andika "Alipatikana na hatia ya kumlemaza mtu", unaingia mstari mmoja bila kubanana. Kama picha inaonyesha habari ya jicho na una nafasi, mi ningeandika "Alipatikana na hatia ya kumtia mtu chongo", hilo chongo tunalo sisi, neno moja limemaliza kazi. Usiweke "kosa la mayhem" ukaliacha hivohivo, mtazamaji atadhani ni jina la mtu. Kama ni ile ya "aggravated" ongeza "kwa makusudi na ukatili", usiende kwenye "kulemaza kulikokithiri", hakuna mtu anaongea hivo.

Na usibadilishe kila mayhem utakayokutana nayo sasa. Polisi wa kwenye dokumentari akisema nje ya mahakama kulikuwa "total mayhem", hapo ni lile la mtaani, andika patashika, vurumai, au nje palichafuka, chochote kinachoendana na mtu anayeongea. Wakili na jaji wakilitaja, ni mwili wa mtu. Dokumentari za kesi zinachanganya yote mawili ndani ya dakika moja, kwahiyo angalia nani kashika kipaza sauti kabla hujaandika. Alafu msalimie mhariri wako, mwambie kuhusu meno ya mbele.